Nguo Zilizozunguka Kisiwa: Habari za Kilwa na Neno Machinga

Habari za kale za Kilwa Kisiwani zimetufikia kwa lugha tatu, na katika zote tatu mji ule waanza kwa nguo. Hauanzi kwa vita, wala kwa ndoto ya mtu mtakatifu, wala kwa chemchemi au mti mkubwa, kama ianzavyo miji mingi katika masimulizi ya watu. Mgeni alikuja na mali yake chomboni, akamkuta mwenyeji, nguo zikateremshwa pwani, na kisiwa kikapata mwenyewe mpya. Wanahistoria wameisoma habari hii kwa bidii kubwa wakitafuta mwaka wa kuja kwa Washirazi. Sisi tunaofundisha fasihi tumewaachia kazi hiyo, nayo ni haki yao. Lakini pamoja nayo tumewaachia hata swali lililo letu, yaani, hadithi hii yasema nini juu ya kununua na kuuza? Katika makala haya nataka kuonyesha kwamba nakala ya Kiswahili, ambayo kwa desturi huwekwa ya mwisho kwa cheo, haisimulii jambo lile lile lisimuliwalo na zile mbili nyingine. Na kwamba tofauti hiyo yatusaidia kulisoma upya neno moja tulitumialo kila siku katika masoko ya miji yetu, neno machinga.

Kwanza tuzitambue nakala zenyewe. Ya Kiarabu ni Kitab al-Sulwa fi Akhbar Kulwa, yaani kitabu cha faraja katika habari za Kilwa, kilichotungwa mwanzoni mwa karne ya 16 na mtu wa Kilwa mwenyewe, baada ya mji wake kuvunjwa na Wareno mwaka 1505. Nakala yake iliyosalia imehifadhiwa London, nayo ilichapishwa na S. Arthur Strong mwaka 1895. Ya Kireno imo katika kitabu cha João de Barros kilichochapwa mwaka 1552. Naye alikuwa ameipata habari ya wafalme wa Kilwa na kuifupisha kwa ajili ya wasomaji wa Lisbon. Ya Kiswahili ilichapishwa na Carl Velten mwaka 1907 katika mkusanyo wake uitwao Prosa und Poesie der Suaheli. Velten alikuwa mkalimani wa serikali ya Kijerumani katika miaka ya 1890, na wasimulizi wake walikuwa watu wa pwani waliosema waliyoyarithi kwa wazee wao.

Barros twaweza kumpita upesi. Kwake jambo lote ni mauziano mafupi: mgeni alitoa nguo, wenyeji wakatoa kisiwa na kuhamia bara. Nguo zilikuwa ngapi, za namna gani, na nani aliyesema bei, hayo hayamshughulishi. Alikuwa akiwaandikia watu ambao wafalme wao walikuwa wamezoea kupata pwani za wengine, na kwa watu kama hao bei ndogo haihitaji maelezo.

Mwandishi wa Sulwa ametulia zaidi. Kwake yumo mwenyeji kafiri, mwenye kisiwa, na yumo Mwislamu akaaye hapo ambaye amekuwa mkalimani wa mapatano. Mgeni asema ataka kununua. Mwenyeji hakatai, ila yeye ndiye atajaye bei: kisiwa kizungushwe nguo za rangi, mzunguko wake wote. Mgeni akubali, nguo zazungushwa, nyeupe na nyeusi na za kila rangi, na mwenyeji azikusanya zote na kwenda zake bara.

Yafaa msomaji asimame hapa kidogo, maana hapa pana ufundi. Katika biashara ya kawaida ya nguo kipimo hutoka nje ya kitu kinachouzwa: mkono, pima, doti, gora. Katika Sulwa kisiwa chenyewe ndicho kilichokuwa kipimo cha bei yake. Muuzaji hakuambiwa thamani ya nchi yake na mtu mwingine. Aliipima kwa pwani yake mwenyewe, hatua kwa hatua. Tena mwandishi hakusahau rangi. Mtu anayetaja kwamba nguo zilikuwa nyeupe na nyeusi na za rangi nyingine anajua kwamba wasomaji wake ni watu wa dukani, ambao wakisikia nguo huuliza mara moja, ni nguo gani? Hakuna dharau kwa muuzaji katika sehemu hii ya kitabu. Bei ni kubwa, nayo yalipwa yote.

Lakini habari haikuishia hapo. Mwenyeji alikwenda bara akiwa na nia ya kurudi na jeshi, akaue na kutwaa tena kisiwa. Yule Mwislamu akamwonya mnunuzi, na kile kivuko ambacho watu walikipita kwa miguu maji yakitoka kikachimbwa. Mwenyeji aliporudi alingoja maji yatoke kama kawaida yake, hayakutoka. Akarudi nyuma kwa majuto na huzuni. Katika fikihi ya madhehebu ya Shafii, ifuatwayo katika pwani yetu, wauzianao wana hiari ya kuvunja mauziano maadamu hawajaachana mahali walipopatania. Wakiisha kuachana, biashara imekamilika. Sidai kwamba mwandishi wa Sulwa alikuwa akifundisha fikihi. Nasema tu kwamba kisa chake kimekwenda kwa mantiki ya namna hiyo: kile kivuko kilichochimbwa ndicho kilichowaachanisha wawili, na baada yake majuto ya muuzaji hayana tena mahali pa kupelekwa. Mwandishi ayataja majuto hayo, kisha aendelea na orodha ya wafalme.

Kwa nini kitabu cha nasaba ya wafalme kianze kwa kisa cha dukani? Kwa sababu mji wenyewe ulikuwa hivyo. Husuni Kubwa, jumba lililojengwa juu ya jabali mashariki ya mji katika karne ya 14 na kuchimbuliwa na Neville Chittick katika miaka ya 1960, lina upande wa makao ya mfalme, na upande wa kusini lina ua mkubwa uliozungukwa na vyumba ambavyo wachimbuzi wamevihesabu kuwa vya kuwekea na kufanyia biashara. Ghala na kiti cha enzi vilikuwa chini ya paa moja. Dhahabu ya Sofala ilipita hapo. Nguo za Gujarati, ushanga na vyombo vya Kichina vilishushwa hapo. Sarafu za shaba zikapigwa kwa majina ya masultani, na moja iliyopigwa kwa jina la al-Hasan bin Sulaiman imeokotwa Zimbabwe Kuu, mbali sana na bahari. Leo tukiingia katika duka kubwa la jijini ambalo ndani yake nguo zina upande wake, sahani upande wake na manukato upande wake, twadhani tumeona jambo la kigeni. Mtu wa Kilwa ya karne ya 14 angeuliza tu mwenye jumba analala upande gani.

Huyo al-Hasan bin Sulaiman, aliyepewa jina la Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipawa, ndiye aliyetembelewa na Ibn Battuta mwaka 1331. Na kisa ambacho msafiri huyo amekihifadhi kinahusu nguo pia. Fukara mmoja wa Yemen alimkabili sultani akitoka msikitini siku ya Ijumaa, akamwomba nguo alizovaa. Sultani akaingia nyumba ya khatibu, akavua, akavaa nyingine, akampa. Mwana wa sultani akazichukua zile nguo kwa fukara na kumpa badala yake watumwa kumi. Sultani alipopata habari jinsi watu walivyomsifu, akaamuru fukara aongezewe watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Ibn Battuta alisimulia haya kwa kusifu ukarimu. Msomaji wa leo hawezi kuyasoma bila kuona hesabu iliyomo: suti moja ya nguo za kifalme ni watu kumi. Nguo iliyopima kisiwa yapima sasa binadamu. Wale ishirini hawana jina katika kitabu, wala hakuna aliyeuliza kama walijuta. Tusiposoma visa hivi viwili pamoja tutaisifu biashara ya Kilwa kwa marumaru na vyombo vyake tu. Na hata karne ya 19, Kilwa Kivinje ilipokuwa soko kubwa la watumwa walioletwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa, hesabu ya nguo kwa watu ilikuwa ingali ikifanywa.

Sasa tuje kwenye nakala ya Kiswahili. Hapa mwenyeji ana jina na ana kabila: ni mzee Mrimba, Mmachinga, naye si wa kwanza kukaa Kisiwani, kwa maana wengine wametajwa kabla yake. Mgeni, Sultani Ali bin Selimani wa Shirazi, aja na mali na watoto. Haombi kununua; aomba mahali pa kukaa, apewa, naye atoa zawadi za nguo na ushanga. Kisha amwoa binti wa Mrimba. Baada ya hayo ndipo, kwa kinywa cha mkewe, apeleka neno kwa mkwewe: haifai mkwe na mkwe kukaa mahali pamoja, ni heshima zaidi mzee akae bara, naye Sultani awe akienda kumwamkia huko. Mzee akubali kwa sharti: atandikiwe nguo toka Kisiwani mpaka bara, apite juu yake na watu wake. Nguo zikatandikwa, mzee akapita, na Sultani akamsindikiza.

Msomaji ataona mara moja kwamba nguo ni zile zile, lakini zimebadilika kazi. Katika Sulwa zilizunguka kisiwa; hapa zimenyooshwa kuwa njia. Kule zilikuwa bei, zikakusanywa na muuzaji. Hapa ni heshima, zatandikwa chini ya miguu ya mtu mkubwa kama tuonavyo hata leo katika pwani yetu kanga zikitandikwa bibi arusi apite. Ni nani awezaye kusema kwamba bibi arusi ameuza nyumba ya baba yake kwa kanga alizozikanyaga? Msimulizi wa Kiswahili ameitoa habari sokoni akaiingiza nyumbani. Maneno yatembeayo humo ni mkwe, zawadi, heshima, kusindikiza. Kuondoka kwa Mrimba hakukuwa mauziano. Kulikuwa adabu, na adabu hiyo ilitumiwa na mtu mwerevu.

Kwa sababu hiyo mwisho wake nao ni tofauti. Hapa pia Mrimba afika bara na kutaka vita. Hapa pia maji yazuia, ingawa kwa kisomo na kafara, si kwa majembe. Lakini msimulizi hamwachi mzee na majuto yake. Binti wa Mrimba amzaa mtoto, Muhamadi bin Ali. Mtoto akua, avuka kwenda kumwona babu yake, na babu amkabidhi mamlaka ya bara. Mjukuu akusanya mikononi mwake pande zote mbili za maji. Jambo ambalo nguo hazikuweza kulikamilisha limekamilishwa na damu. Katika Sulwa ardhi ikiisha kulipiwa imekwisha. Katika Kiswahili ardhi haiwi ya mgeni mpaka awe na mtoto ambaye ni mtoto wa mwenyeji pia.

Najua litakalosemwa. Litasemwa kwamba nakala hii ni changa, kwamba imechanganya majina na zama, na kwamba haifai kuwekwa mbele ya kitabu kilichoandikwa karne tatu na zaidi kabla yake. Kwa anayetafuta tarehe, neno hili ni kweli. Kwa msomaji wa fasihi ule uchanga ndio mali yenyewe, kwa kuwa watuambia nani alisimulia na alimsimulia nani. Watu wa Kilwa walioishi mpaka miaka ya 1890 walikuwa wamewaona wageni wengine wakija na zawadi. Mwaka 1888 waliinuka juu ya kampuni ya Kijerumani, na maofisa wake wawili waliuawa Kilwa. Mwaka 1895 Hassan bin Omari Makunganya alinyongwa Kilwa Kivinje. Mwaka huo huo amri ya Kaizari ikatangaza kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni ya serikali. Katika siku kama hizo, mbele ya kalamu ya mkalimani wa serikali, mtu wa pwani aulizwa, nchi hii mliipataje? Naye ajibu kwa habari ya mgeni aliyeomba mahali pa kukaa, akagawa ushanga, akaoa, kisha akamwomba mwenye nyumba kwa adabu kubwa atoke. Siwezi kuamini kwamba msimulizi hakujua analolisema. Kama alikuwa akimtetea Shirazi, amefanya hivyo kwa kumpa masharti ambayo Mjerumani hakuyatimiza.

Ndipo twafika kwenye neno machinga. Wamachinga ni watu wa pwani iliyo kati ya Kilwa na Lindi. Mji wa Mchinga, kaskazini ya Lindi, wabeba jina lao hata leo. Katika jiji la Dar es Salaam neno hilo limekuwa jina la mchuuzi yeyote atembezaye bidhaa mkononi au kuzipanga chini kando ya njia, awe Mmachinga, Mgogo au Mhaya. Asili yake yajulikana: vijana wa kusini waliokuja jijini kuuza nguo na vitu vidogo, hasa baada ya milango ya biashara kufunguliwa katikati ya miaka ya 1980. Kwao, kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa katika mto Rufiji mwaka 2003, safari ya barabara ilitegemea kivuko na hali ya mvua. Aliyefika jijini hakurudi upesi, na aliyekaa alihitaji kazi isiyohitaji mtaji mkubwa wala mlango wa duka.

Wako wasemao kwamba neno hili latokana na maneno ya Kiingereza yenye maana ya vijana watembeao kwa mwendo wa askari. Etimolojia hii yachekesha, na ndiyo sababu imeenea. Lakini yafaa wanafunzi wetu waikatae kwa sauti. Ubaya wake si wa kiisimu tu. Yafuta mahali. Yachukua jina la watu wenye pwani yao, walioandikwa katika habari ya kwanza ya mji mkubwa wa Waswahili, na kuligeuza kuwa mzaha usio na kwao.

Ukienda Kariakoo utaiona sarufi ya jiji la biashara ikiwa wazi mbele yako. Katikati limo soko lililochorwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, likaungua Julai 2021, likajengwa upya. Kuna mitaa ya bidhaa maalumu: Mtaa wa Uhuru kwa kanga na vitenge, Mtaa wa Kongo kwa nguo zilizokwisha kushonwa. Mbali kidogo, Mlimani City, soko la vioo lililofunguliwa mwaka 2006 juu ya ardhi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lina bei zilizobandikwa ambazo hakuna apatanaye nazo. Na katikati ya yote hayo, barazani na njiani, yuko machinga na nguo begani. Yeye peke yake katika soko zima ndiye ambaye mahali pake pa kusimama ni jambo la mjadala. Mwaka 2018 serikali ilitoa vitambulisho kwa shilingi 20,000. Mwaka 2021 wachuuzi wakaambiwa wahame barabarani waende sehemu walizotengewa. Kabla ya hapo lilikuwa limejengwa Ilala jengo zima lenye jina lao, na kwa miaka mingi vizimba vyake vingi vilikaa vitupu, kwa sababu mnunuzi hakuwa akipita huko. Mwenye duka hungojea mnunuzi, machinga humfuata. Kumpa machinga kizimba mahali pasipo njia ya watu ni kumtandikia nguo aende bara.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba mchuuzi wa Mtaa wa Kongo ni mjukuu wa Mrimba, wala kwamba barabara zisipitike. Mwenye duka anayelipa kodi ya pango na kukuta mlango wake umezibwa ana malalamiko ya haki, na mwenda kwa miguu pia. Nasema kwamba lugha yetu imehifadhi katika neno moja yale ambayo vitabu viwili kati ya vitatu vimeyasahau. Mmachinga wa hadithi alipokea nguo akaacha kisiwa. Machinga wa jiji amekuja na nguo akitafuta mahali pa kuzitandika. Kila mara aondolewapo huambiwa maneno ya adabu: kupangwa, kuboreshewa, kutengewa eneo. Nakala ya Kiswahili yatufundisha kuyasikiliza maneno ya namna hii kwa masikio mawili, kwa kuwa ndani yake mwenyeji hakufukuzwa na mtu yeyote. Alisindikizwa.

Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yamo katika orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 1981, na wanafunzi wetu huyatembelea wakiwa na Sulwa mkononi kwa tafsiri ya Kiingereza. Ningependa wachukue pia kurasa chache za Kiswahili zilizochapwa mwaka 1907, wazisome pale pale penye maji kati ya kisiwa na bara, na wajibu maswali mawili: nguo zilitandikwa kuelekea wapi, na ni nani aliyezikanyaga? Mwanafunzi akiisha kuyajibu hayo kwa ushahidi wa matini yenyewe, hataihesabu tena nakala ya Kiswahili kuwa mabaki ya Kiarabu. Tena, akirudi Dar es Salaam na kushukia Kariakoo, atalisikia jina la mtu anayemwita anunue shati kama jina la mtu mwenye kwao.